Mpaka Turudi Getini

Mgeni aliingia dukani bila kubisha, kofia ya pikipiki bado iko kichwani, akiwa amemshika Mzee Saa kwenye kiwiko kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

"Huyu mzee ni wa hapa?" aliuliza.

Mama Chiriku alikuwa nyuma ya mashine ya kusaga lenzi, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alizima mashine. Suruali ya baba yake ilikuwa na tope mpaka magotini, na kamba za kiatu kimoja zilikuwa zinaburuzika.

"Ni baba yangu. Kuna nini? Amegongwa?"

"Hajagongwa, dada. Yeye ndiye aliyekuwa anagonga." Mgeni alivua kofia, akajifuta jasho. "Nimemkuta kule juu, njia ya kwenda msituni, ametumbukia mtaroni. Alipotoka akakutana na nguzo ya umeme. Nikamsikia anaiambia, 'Samahani, bwana, sikukuona.' Nikadhani mzee anatania. Kumbe anasubiri ijibu!"

"Jua lilikuwa kali," alisema Mzee Saa. "Lilinipiga machoni."

Mgeni aligeuka kutazama nje. Mawingu yalikuwa yameufunika mji tangu asubuhi. Alirudisha macho ndani, akayapitisha kwenye rafu za fremu zilizopangwa ukutani, nyeusi, za dhahabu, za watoto zenye rangi za peremende.

"Usinichukulie vibaya, dada yangu," alisema taratibu. "Wewe unatengeneza miwani, na baba yako anasalimia nguzo?"

Hakuwa amesema kwa ubaya. Alikataa hata maji ya kunywa, akavaa kofia yake, akaondoka, na hawakumwona tena. Lakini swali lake lilibaki pale katikati ya chumba kama mteja ambaye hajahudumiwa.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kazi mbili. Upande wa dirisha ilikuwa meza ya Mzee Saa, fundi saa tangu ujana wake. Juu yake kulikuwa na koleo nyembamba kama miiba, brashi, mafuta ndani ya kichupa, na kile kioo kidogo cha kubana jichoni. Saa za ukutani zilizokuwa zikisubiri wenyewe zilining'inia nyuma yake, kila moja na wakati wake. Upande wa pili ilikuwa kazi ya binti yake: mashine, kiti cha kupimia, na mwisho wa chumba, kibao cha herufi, kubwa juu na ndogo chini. Miaka na miaka wateja walikaa kwenye kiti kile wakasoma kwa sauti, na Mzee Saa akawa anawasikia huku ameinamia magurudumu yake.

Miezi ya karibuni alikuwa akirudisha saa za watu bila kuzifungua. "Hii spea zake hazipatikani," alikuwa akisema. Binti yake hakushangaa. Siku hizi nani anavaa saa?

"Baba, hebu kaa hapa," alisema Mama Chiriku.

"Si umenipima juzijuzi tu?"

"Kaa."

Ni kweli alikuwa amempima. Mzee alisoma mpaka mstari wa chini kabisa bila kukwama, na binti yake akamwambia ana macho ya mwewe. Lakini leo alimwona anavyokitafuta kiti: kwanza goti, kisha kiganja, kisha ndipo mwili. Alikwenda mwisho wa chumba, akakitungua kibao cha herufi, akatundika kingine, kile cha watoto na wasiojua kusoma. Hicho hakina herufi za kusoma. Kina alama moja tu kama uma, inajirudia, meno yake mara yanatazama juu, mara chini, mara kushoto, mara kulia, na kazi ya mpimwaji ni kuonyesha kwa mkono meno yanatazama wapi.

Hakumwambia kitu.

"Soma mstari wa chini kabisa, Baba."

Mzee Saa alinyoosha mgongo. Alikohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba.

"T," alisema kwa uhakika. "O. Z. L. P. D."

Saa zote za ukutani ziliendelea kugonga, kila moja kivyake. Mama Chiriku alisimama pembeni ya kibao, mkono mmoja umeegemea ukuta.

"Vipi," aliuliza mzee, sauti imeanza kupungua. "Nimekosea?"

*

Alikuwa amekariri. Hakukaa akajifunza. Kibao kilikuwa kimemwingia chenyewe kupitia vinywa vya watu, mteja baada ya mteja, mpaka akakijua kuliko wimbo wowote. Katika nyumba nyingine asingeweza kudanganya. Katika nyumba ile, ambamo mtu mmoja alipima macho na mwingine akakaa pembeni anasikiliza, ilikuwa rahisi kama kupumua.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Ilianzia pembeni. Kama mtu anayefunga mapazia taratibu, kushoto na kulia. Nikasema uzee huo. Katikati nilikuwa naona vizuri tu, saa nilikuwa nafungua. Halafu katikati nako..." Alipunga mkono, akaugonga mkono wa kiti.

"Nilikutuma hospitali wakupime presha ya macho. Ukarudi ukaniambia wamesema safi."

"Nilifika mpaka mlangoni."

"Na?"

"Nikakaa kwenye benchi na wenzangu. Kila aliyetoka mle ndani alitoka ameshikwa mkono. Mwanangu, fundi saa asiyeona ni nani? Na wewe ungefunga mashine yako ukaanza kunizungusha mjini kama mzigo. Nikaona nivute siku."

Mama Chiriku alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kumkumbatia. Mwishowe alichuchumaa, akamfunga kamba za kiatu.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Alimpima mzee kwa taa na mashine, akampa matone, akamweleza namna ya kuyatumia. Muuguzi alipomtoa mzee nje, Mama Chiriku alibaki.

"Kilichokwenda hakirudi," alisema daktari. "Hata miwani haisaidii, na wewe unajua, ni kazi yako. Mshipa wa jicho ukifa umekufa. Matone yatajaribu kulinda kilichobaki, ila kilichobaki ni kidogo na kinakwenda mbio."

"Na kama angekuja mapema?"

Daktari alikusanya vifaa vyake kabla ya kujibu. "Wakati ule unaosema ulimtuma, pembeni tu ndiko kulikuwa kumeanza? Matone haya haya yangelinda mengi. Wapo wengi wanaokaa na macho yao mpaka mwisho wa maisha." Akaongeza haraka, "Lakini usiibebe hiyo nyumbani, dada."

Aliibeba. Angeiacha wapi?

Wiki ile alifanya jambo ambalo hakuna fundi miwani mwenye akili timamu angelifanya. Kila wateja walipopungua, alimkalisha baba yake kitini, akamvisha fremu nzito ya majaribio, akaanza kumbadilishia lenzi moja baada ya nyingine, zote zilizomo kwenye sanduku.

"Bora ya kwanza au ya pili?"

"Sawa tu."

"Na sasa? Ya kwanza au ya pili?"

"Zote sawa, mwanangu."

"Jaribu tena. Usiharakishe."

"Mama," alisema mzee kwa upole, akamshika kifundo cha mkono, "acha. Unauchosha mkono."

Siku hiyo hiyo alikuwa amempa msichana wa shule miwani yake ya kwanza. Msichana alitoka mlangoni, akasimama chini ya mti wa mtaani, akashangaa kwa sauti kwamba kumbe majani ni moja moja. Mama Chiriku alicheka naye, akamtakia masomo mema, akaingia nyuma ya pazia ambako anahifadhi maboksi, akauma kitambaa cha kufutia lenzi ili asisikike.

*

Ni Mzee Saa mwenyewe aliyeleta habari ya Duara. Walikuwa mezani na chai, na mjukuu wake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alikuwa akieleza ndoto iliyokuwa na wahusika wengi mno.

"Siku ile nilikuwa naenda Duara," alisema mzee ghafla. "Siku ya nguzo."

Duara ni njia ya miguu katika msitu wa umma, juu kidogo ya mji. Si ya wapanda milima. Ni njia ya familia: pana, laini, vilima vyake vinapandwa hata na mtoto anayetambaa, na ukiianzia getini inakuzungusha ukingoni mwa ziwa dogo na kukurudisha getini pale pale. Mama Chiriku alipokuwa mdogo, baba na mama yake walimpeleka kila walipopata nafasi. Msitu hauna mwenyewe, baba yake alikuwa akimwambia, maana yake ni wako, kwa hiyo usitupe ganda.

"Ulikuwa unaenda peke yako, Baba? Kufanya nini?"

"Kuiweka kichwani. Kabla mapazia hayajakutana." Alizungusha kidole juu ya meza. "Ile njia ni uso wa saa. Getini ni saa sita, hapa juu. Ukizunguka kulia, saa tisa unakuta daraja la mbao. Huku chini, saa kumi na mbili, benchi la kilimani. Saa tatu, misonobari. Halafu unarudi sita. Saa nyingine sitazifungua tena. Hii moja naitaka."

"Nitakupeleka."

"Nasikia kwenye sauti yako umeshaanza kunihurumia. Sikia. Utakuwa macho yangu. Ukiona, sema ulichokiona. Usitie chumvi, usitie sukari, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikiuliza, jibu. Kutoka getini mpaka turudi getini, ukweli mtupu. Na mimi nakuahidi sitakudanganya tena kuhusu macho yangu, hata kidogo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

"Na mimi?" alidakia Chiriku.

"Wewe una ruhusa ya kudanganya. Mama yako ndiye hana."

*

Walikwenda siku ambayo duka halifunguliwi. Askari wa msitu aliyekuwa getini aliwasalimu, akawaonyesha mishale myeupe iliyochorwa kwenye mawe. "Fuateni hiyo, hata mkitaka kupotea hamtaweza," alisema. Mzee Saa alimshika binti yake juu kidogo ya kiwiko. Kila alipotaka kukanyaga alitanguliza ncha ya kiatu, akapapasa, ndipo akaushusha mguu. Walienda hivyo, papasa, shusha, papasa, shusha, na watu wengine wenye watoto na chupa za maji wakawapita wakiwasalimia.

"Ngoja, nimeona twiga," alitangaza Chiriku.

"Ana miwani?" babu aliuliza.

"Anayo! Miwili! Kwa sababu shingo ni ndefu."

Mama Chiriku naye alianza kusema alichokiona, mwanzoni kwa aibu, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. Njia ina rangi ya matofali. Kushoto kuna mti umeangukia mwingine, wameegemeana. Kuna uyoga kwenye kisiki, mwingi, mweupe. Mama amembeba mtoto mgongoni na mtoto amelala mdomo wazi. Mzee alitikisa kichwa kwa kila jambo, kana kwamba analipokea kwa mikono miwili.

Kisha mbao zikaanza kulia chini ya miguu yao.

"Saa tisa," alisema mzee, na uso wake ukafunguka. "Daraja. Mama yako alikuwa anakaa hapa ukingoni, anatumbukiza miguu majini. Maua ya maji yalikuwa mpaka huku. Niambie, ziwa likoje?"

Mama Chiriku alitazama. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma mpaka katikati, limekuwa sufuria ya maji ya kijivu. Chini ya daraja palikuwa na tope lililopasukapasuka, chupa za plastiki, kiatu kimoja cha mtoto, na mabua makavu ya yale maua. Aliona uso wa baba yake umeelekezwa kule, unasubiri.

"Lipo, Baba," alisema. "Limejaa vizuri. Linang'aa."

"Mama!" Chiriku alishika ukingo wa daraja, akachungulia. "Linang'aa wapi? Mbona matope tu?"

Mkono wa mzee uliondoka kwenye mkono wa binti yake. Haukutupwa. Uliondoka tu, kama mtu anavyoondoa mkono kwenye sufuria yenye moto. Alisimama peke yake katikati ya daraja, ameshika hewa.

"Baba, nilitaka..."

"Najua ulichotaka."

"Ilikuwa furaha yako. Sikutaka kuivunja."

"Ile nguzo," alisema mzee, "niliiomba radhi kwa sababu sikujua kama ni mtu au ni nguzo. Hiyo ndiyo adha yenyewe, mwanangu. Giza nitalizoea. Kutojua kipi ni kipi ndiko kutaniua. Nimebakiwa na maneno yako. Hayo ndiyo lenzi yangu sasa. Ukiyachakachua, nitavaa nini? Utaniambia kuna ngazi, nitajiuliza, ni ngazi au ananihurumia? Utaniambia mtoto amelala salama, nitajiuliza."

Watu waliokuwa nyuma walipunguza mwendo, wakapita kwa ubavu huku wakiangalia pembeni. Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu getini, alikuwa kimya.

Mama Chiriku alivuta pumzi. "Maji yamekauka," alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Yamebaki kidogo katikati, ya kijivu. Chini yetu ni tope limepasuka kama sahani. Maua yamekufa, mabua yake yapo. Kuna taka. Kuna ndege mmoja mweupe amesimama kwa mguu mmoja, anatazama chini, na sidhani kama kuna samaki."

Mzee aligeuza uso upande wa ziwa. Machozi yalimjaa, hayakudondoka.

"Mweupe kabisa?" aliuliza hatimaye.

"Ana uchafu kifuani."

"Hapo sasa namwona," alisema, akanyoosha mkono hewani kuutafuta wa binti yake.

*

Kilimani, penye saa kumi na mbili, benchi lilikuwepo. Walikula mkate. Mama Chiriku akamweleza mji ulivyokaa kule chini: mabati yenye kutu, mabati mapya, nguo kwenye kamba, moshi unaopanda ukapinda. Alisema na majengo yaliyoharibu mandhari. Mzee alimuuliza kama yeye mwenyewe amezeeka.

"Umezeeka, Baba. Tangu siku ya nguzo umezeeka sana."

"Shetani wewe," alisema mzee akicheka. "Ungepunguza kidogo."

"Si ulikataa sukari?"

Kisha alimwita Chiriku asimame mbele yake, kwenye mwanga. Alimshika mashavu, akaanza kukigeuza kichwa chake mwenyewe polepole, kushoto, kulia, chini, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo akitafuta kitu chumbani. Mahali fulani katika jicho la kulia kulikuwa bado kumebaki doa la mwanga.

"Sogea. Kidogo tena. Hapo hapo! Usitikisike."

"Unaniona, Babu?"

"Naona nyusi moja. Sasa pua. Ina makamasi. Sasa... una pengo! Jino limekwenda wapi?"

"Lilidondoka zamani! Hukuona?"

"Sikuona," alisema mzee.

Aliendelea kuusogeza ule uso mbele ya doa lake, kipande kwa kipande.

"Babu, shingo inauma. Mpaka lini?"

"Mpaka nikariri."

Mama Chiriku aligeuka akatazama mabati. Vidole vyake, bila yeye kujua, vilikuwa vinasaga hewa, kidole gumba juu ya shahada, kama vinavyofanya vinaposhika lenzi na kuisafisha ukingo. Mikono yake ilijua kufanya jambo moja tu duniani kwa ajili ya macho ya watu, na jambo hilo hapa halikuwa na kazi.

*

Kwenye misonobari palikuwa na kivuli na harufu ya utomvu, na ardhi ilikuwa laini kwa majani yaliyoanguka. Mzee Saa alichangamka. Alirudia njia yote kwa sauti: uyoga, miti inayoegemeana, tope, ndege mchafu kifua, benchi, nyusi. Chiriku alikimbia mbele, akarudi kuripoti simba, akakimbia tena.

Kona ya mwisho ilifunguka na Mama Chiriku akaliona geti, na Chiriku ameshakwea chuma chake cha chini, anajibembeza. Alihisi ahueni. Njia ilikuwa imekwisha, na walikuwa wameimaliza.

"Umeliona geti?" aliuliza mzee.

"Nimeliona."

"Hatujafika?"

"Bado kidogo."

Mzee alisimama. "Basi ahadi bado ipo." Aliupapasa mkono wa binti yake kama anayetafuta maneno ndani ya kitambaa. "Siku ile hospitali ulibaki ndani na daktari. Nilikaa nje nikakisia unachomuuliza, kwa sababu mimi ningeuliza hicho hicho. Niambie. Kama ningeingia ule mlango siku uliyonituma, badala ya kukaa kwenye benchi na kurudi kukudanganya... macho yangu yangebaki?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa mwepesi, mtamu, wala usingemdhuru mtu. *Hapana, Baba, ugonjwa ule ungefika tu.* Angeuamini? Labda. Angelala usingizi. Angekufa siku moja akiwa hajui kwamba giza lake amejifungia mwenyewe, kwa woga wa nusu saa kwenye benchi. Binti gani asingempa baba yake zawadi hiyo? Na kuusema ukweli kungeleta faida gani? Jicho halingerudi. Hakuna ambacho kingerudi. Ulikuwa ukweli usioweza kumsaidia mtu yeyote kwa lolote.

Chiriku aliwapungia kutoka getini.

Baba yake alikuwa amegeuza uso kumwelekea, ila aliukosea kidogo. Alikuwa anaitazama hewa iliyo pembeni ya sikio lake, kwa makini yote, akisubiri.

"Ndiyo, Baba," alisema.

"Yote?"

"Siyo yote. Mengi. Daktari alisema matone haya haya yangeyalinda. Alisema wapo wanaokaa na macho yao mpaka mwisho wa maisha." Alijikaza amalize. "Ungeweza kuwa mmoja wao."

Mzee Saa alitikisa kichwa mara moja, kama afanyavyo fundi akionyeshwa gurudumu lililovunjika. Kisha mabega yakashuka. Mkono wake ukateleza kutoka kwenye kiwiko cha binti yake, na safari hii haukushika hewa, uliinuka mpaka usoni pake na kuyafunika yale macho, na mwili wake wote ukatikisika bila sauti. Mama Chiriku alisimama karibu naye. Alitaka kusema samahani, akaona samahani nayo ni aina ya sukari. Hakuwa na neno wala lenzi. Alisimama tu, akalia naye, huku familia moja ikiwapita na baba yao akiwauliza watoto kwa sauti kubwa mno nani anataka kubebwa.

Muda ulipita. Chiriku aliacha kujibembeza.

Mzee alijifuta kwa mkono wa shati. Alivuta makamasi, akageuka upande aliodhani ni wa geti, na hakukosea sana. Mkono wake ulianza kutafuta. Ulimkuta binti yake begani, ukashuka, ukamshika pale pale juu ya kiwiko, kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Mbele yetu kuna nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa imekauka.

Mama Chiriku aliitazama njia kwa makini, jiwe kwa jiwe, mpaka mwisho.

"Hakuna kitu, Baba. Ni tambarare mpaka getini."

Mzee Saa aliinua mguu. Hakupapasa. Aliushusha wote kwa mara moja, kisigino na unyayo, akainua wa pili.